Neno Chapa na Ufundi wa Wahindi: Kutoka Kutch hadi Ihanja

Mfugaji wa Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, akisema kwamba ng'ombe wake wamepigwa chapa, kila aliyepo humwelewa. Chuma kimetiwa motoni, kikabandikwa juu ya ngozi, na alama imebaki. Wanyaturu ni wafugaji tangu zamani, na msikilizaji aweza kudhani kwamba neno hili limezaliwa papo hapo zizini. La, sivyo. Chapa ni neno la Bara Hindi, nalo lilivuka bahari kabla ya kupanda bara. Katika makala hii twakusudia kulifuata neno hilo kwao, tuutazame ufundi lilimotumika, kisha tuonyeshe kwa nini jambo hili lawahusu watungaji wa kamusi.

Katika Kihindi na Kigujarati, chhap ni muhuri, au alama itokanayo na muhuri. Huko Kutch, magharibi ya Gujarat, wako mafundi wa jamaa ya Khatri ambao kwa vizazi vingi wametia nakshi nguo ziitwazo ajrakh. Chombo chao ni kibao cha mti mgumu, mara nyingi msaji, kilichochongwa maua au nyota upande mmoja na kuwekewa kishikio upande wa pili. Nguo huoshwa kwanza, ikatiwa maji ya tunda liitwalo harda, kisha hutandazwa juu ya meza. Fundi huchovya kibao katika chokaa iliyochanganywa na gundi, hukiweka kwa uangalifu juu ya nguo, na kukigonga kwa mkono. Palipoguswa na chokaa hapashiki rangi. Weusi hupatikana kwa kuvundika vyuma vyenye kutu pamoja na sukari guru. Wekundu hutokana na mizizi ya mmea, nguo ikiwa imekwisha kutiwa shabu. Na ubuluu ni wa nili. Kazi hiyo yote huchukua siku nyingi, na kibao kikikosea mahali pake mara moja, nakshi nzima huharibika.

Msomaji atakuwa ametambua ya kuwa katika kuieleza kazi hiyo hatukuhitaji kutunga maneno mapya. Gundi ni gond ya Kihindi. Guru, katika sukari guru, ni gur. Rangi na nili ni maneno yaliyotembea sana baina ya Uajemi, Arabuni na Bara Hindi hata yakatufikia. Basi karakana ya mtia nakshi yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya maelezo ikawa ni maneno ya karakana yenyewe.

Njia ya maneno hayo ilikuwa njia ya nguo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa na nguvu kubwa Unguja, na nguo za kwao zilibebwa na misafara hadi bara. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliitaja kaniki miongoni mwa nguo zilizotumika kama fedha njiani. Pwani nako kisutu, chenye nakshi za rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, kikawa nguo ya arusi. Na huko Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza mwaka 1887 biashara iliyokuja kupata sifa kwa kanga zenye maandishi ya Kiswahili.

Sasa tulitazame neno katika sarufi. Kiswahili kina kitenzi kuchapa, chenye maana ya kupiga kwa kiboko au kwa mkono, na pia maana ya kutia maandishi kwa mashine. Lakini pamoja na hicho twasema kupiga chapa. Usemi huu umefuata kawaida ya kazi za mikono: kupiga randa, kupiga pasi, kupiga rangi. Kitenzi ni cha kwetu, na jina la chombo au la kitu kitumiwacho hufuata. Kwa maoni yetu, muundo huu waonyesha kwamba chapa iliingia kwanza ikiwa jina la kitu, na kwamba kupiga humo kulikuwa kupiga kwa kweli, yaani mkono kugonga kibao. Leo mitambo huchapa magazeti bila mkono kugonga chochote, na Serikali ya Tanzania ina Mpigachapa Mkuu. Hata hivyo kitenzi kimeendelea kukumbuka mkono. Pale Ihanja usemi umerudi karibu na asili yake, kwa maana chuma cha moto nacho hubandikwa kwa mkono. Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo imelitia neno hili nguvu mpya.

Hapa pana jambo la haki pia. Katika masimulizi mengi ya Afrika Mashariki, Mhindi hutajwa akiwa mwenye duka tu. Lugha yatoa ushahidi mwingine. Sonara na dobi ni majina ya watu wa kazi. Bangili, randa na cherehani ni majina ya vitu vilivyotengenezwa au kutumiwa na mafundi. Miongoni mwa Wahindi waliojenga reli ya Uganda tangu mwaka 1896 walikuwamo maseremala, waashi na wahunzi. Wengi wa jamii hiyo waliondoka Tanzania baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, lakini maneno ya kazi yamebaki vinywani mwa mafundi Waafrika.

Ufundi wenyewe haudumu bila kutunzwa. Tetemeko la Januari 2001 liliharibu kijiji cha Dhamadka huko Kutch, na maji yake yakazidi chuma hata rangi zikaharibika. Baadhi ya mafundi wakahama na kuanzisha kijiji cha Ajrakhpur. Mafundi hao walijua kwamba bila maji yafaayo hakuna nakshi.

Kadhalika, kamusi isiyowafikia mafundi hukosa maana. Haitoshi kuandika mbele ya neno kwamba asili yake ni Kihindi. Yafaa mtafiti aende kwa seremala, sonara, mshonaji na mfugaji, aulize kila sehemu ya chombo yaitwaje na mkono hufanya nini, kisha aandike. Chapa imetusubiri kwa sababu yatumika kila siku. Maneno mengine ya karakana hayatasubiri.