Tundu la Kushoto

Nilikwenda Kajaga, nje ya Bujumbura, kuandika habari za mageti. Aliyepita barabara ya Gatumba anajua ninachosema: nyumba zinazoelekea ziwani zinashindana kwa mageti, simba kwa simba, mshale kwa mshale, na rangi ya dhahabu inamwagwa kama vile chuma chenyewe ni aibu. Mhariri alitaka makala nyepesi ya mwisho wa juma. Mageti hayo bado hayajaandikwa. Nilinaswa na kipande cha chuma kilichotundikwa msumarini nyuma ya karakana moja, kati ya kalenda iliyopauka na msumeno uliokwisha meno.

Kilikuwa vyuma viwili bapa, upana wa kiganja na urefu wa mkono tangu kiwiko, kimoja juu ya kingine, vimeachana kwa nafasi ya vidole vitatu na kubanwa kwa bolti kila ncha. Vimetobolewa matundu matatu yanayopita vyuma vyote viwili. Tundu la katikati lilikuwa la mviringo, limeng'aa kidogo. La kulia lilikuwa na vijimeno vya keekee, nikalipitishia kidole likanikwaruza. La kushoto halikuwa mviringo tena. Lilikuwa limelika upande mmoja mpaka likawa na umbo la yai, ukingo wake laini kama mdomo wa kisima ambako kamba imepita miaka na miaka.

"Mzee, hiki nini?"

Akainua kinyago cha kuchomelea. "Hicho hakiuzwi."

"Sijauliza bei."

"Ndivyo mnavyoanza."

Ameniomba nisiandike jina lake, na sioni sababu ya kumkatalia. Kiswahili chake ni cha Tabora, kimenyooka, hakina Kifaransa cha mjini Bujumbura isipokuwa nondo, ambazo siku hizi naye anaziita ferabeto ili wateja wamwelewe. Mwaka 1972 alivuka mpaka kuingia Tanzania akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikulia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, huko Tabora, akaoa huko, akajifunza ufundi huko. Alirudi Burundi mwaka 2009 kwa msafara wa malori, na katika mizigo ya familia mlikuwa na hicho chuma. Kilo sita, kwa kukisia kwa mkono.

"Mke wangu aliniuliza: ng'ombe umeuza, tela umeuza, sasa sikio la nini?"

Sikio la nira, ndivyo anavyokiita. Kwa asiyewahi kuona tela la ng'ombe, na Kajaga wasioliona ni wengi: maksai wawili wanavaa nira moja, na sikio limefungwa katikati yake. Kutoka kwenye tela unakuja mti mrefu, unapita kati yao, na ncha yake ina pete ya chuma. Pete inaingia kwenye ile nafasi ya vidole vitatu, pini inashushwa kutoka juu, safari inaanza. Magunia ya mahindi, mitumba ya tumbaku, mama mjamzito anayekimbizwa zahanati, vyote vinavutwa na pini moja isiyozidi unene wa kidole gumba.

Pini hiyo alinieleza kwa karibu saa nzima, geti la mtu likisubiri.

Kwanza, kwa nini vyuma viwili na si kimoja. Pini iliyoshikwa upande mmoja inafanya kazi ya tawi, inavutwa huku mpaka inainama. Iliyoshikwa juu na chini haiinami kirahisi, na ikitaka kukatika inabidi ikatike mara mbili. Pili, kwa nini inashuka kutoka juu: kwa sababu ina kichwa, na kichwa kikikaa juu uzito wake wenyewe unaishikilia hata kama kipini cha kufungia kimedondoka njiani. Aliwahi kumwona mtu akiiingiza kutoka chini kwa sababu nira ilikuwa imekaa vibaya na alikuwa na haraka. Tela lilibaki mlimani, maksai wakafika nyumbani peke yao.

Tatu, pini ya chuma gani. Hapa ndipo nilipogundua kwamba nazungumza na mtu aliyekosea sana na kukumbuka kila kosa. Ya kwanza aliichonga kutoka kwenye ekseli ya lori, akaipasha moto kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Alitaka iwe ngumu, ikawa ngumu. Ilikatika asubuhi moja ya Julai, pa! kama muhogo mkavu. Ya pili ilikuwa nondo iliyochomelewa kichwa. "Nondo haikatiki kwenye weldi," alisema, akinionyesha kwa ukucha. "Inakatika hapa, pembeni ya weldi, pale moto ulipopita ukaacha chuma kimekasirika." Tangu hapo pini zake hazina weldi. Anachukua chuma laini cha milimita 20, anakipasha ncha moto, anaikunja kwa nyundo, kichwa kinatokana na mwili uleule.

"Lakini chuma laini si kinapinda?"

"Ndiyo nataka kipinde. Kikipinda kimekuambia. Kilichokatika kimekuambia nini?"

Tena pini ndiyo inayotakiwa kushindwa kwanza, kabla ya mti, kabla ya nira, kabla ya shingo ya mnyama. Maksai wa kilo 300 anaweza kuvuta kutwa nzima nguvu ya kama moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo jozi ni kama kilo 60, na chuma chochote kingeimudu hiyo. Gurudumu linapotumbukia kwenye korongo wanyama wakiwa wanatembea, mshtuko unaongezeka mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Fundi anapima kwa ajili ya korongo. Tundu nalo halikazwi: pini ya milimita 20 anaitobolea 23, ili tela likiinuka na kuinama barabarani pete ipate pa kucheza. Ukiibana itakwama siku ng'ombe ameanguka mtaroni na unataka kumfungua kwa mkono mmoja. Ukiilegeza sana, kila hatua ni nyundo.

Basi matundu matatu.

Niliuliza nikidhani ni akiba, moja likilika unahamia jingine. Akacheka, akachukua ubao, akauweka juu ya kipande cha bomba kama watoto wanaobembea. Ukiwakalisha wawili wenye uzito sawa, bomba likae katikati. Mmoja akiwa mkubwa, bomba lisogee kwake. Nira ni ubao huo, na pini ndiyo bomba. Pini ikiwa katikati, maksai wanagawana mzigo nusu kwa nusu. Ikisogezwa kushoto, wa kushoto amekaa karibu nayo, anabeba zaidi, na mwenzake wa kulia anapata mkono mrefu wa kumsaidia. Nilipiga hesabu kwenye daftari langu: kutoka shingo hadi shingo mita moja, matundu yameachana sentimita tano, kwa hiyo katika kila kilo 100 za kuvuta mkubwa anachukua 55 na mdogo 45. Alichungulia daftari, akaitikia kwa kichwa, akarudi kutafuta brashi ya waya. Hesabu hiyo aliijua tangu shule ya msingi, somo la mizani.

Upande wa kushoto alikuwa maksai aliyeitwa Chapakazi. Alivuta miaka tisa. Upande wa kulia walipita watatu: wa kwanza aliondoka na ndigana, wa pili aliibwa, wa tatu aliuzwa ada ya shule ilipokaba. Kila mara aliyeletwa alikuwa kijana asiyejua nira, na kila mara pini ilirudishwa tundu la kushoto ili Chapakazi amlee. Katikati ilikaa misimu michache tu, pale kijana alipokuwa amekomaa. Kulia haikuwahi kukaa.

Nikalitazama tena lile tundu la yai. Sijui niliseme vipi bila kulia kwenye gazeti.

Kwamba chombo kama hiki ni kigeni kwenye kingo za Ziwa Tanganyika si jambo la ajabu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa Jumuiya ya Wamisionari ya London aliwapeleka ng'ombe wanne kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akaona njia imepatikana. Mwaka uliofuata wamisionari wakaja na magari na makundi ya ng'ombe wakielekea Ujiji, mbung'o wakawamaliza ng'ombe, na waliofika ziwani Agosti 1878 walifika mizigo yao ikiwa mabegani mwa wapagazi kama kawaida. Miaka michache baadaye Edward Hore alileta boti ya chuma, Morning Star, vipandevipande juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu. Farasi ndiyo usiseme. Kwa nagana, ugonjwa wa mbung'o, farasi hana hata muda wa kuzoea. Mpaka upande nyanda za juu za Ethiopia ndipo umkute anavuta abiria, na huko tela lake wanaliita gari.

Nilimsimulia pia ya mwaka 1915, Waingereza walipozivusha boti mbili za vita, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Mitumba huko Kongo, kwa matrekta ya mvuke, na pale mvuke uliposhindwa, kwa misururu ya ng'ombe, kamba na roda zilizofungwa kwenye miti. Sehemu ya vita hakuijali.

"Kupanda si kazi," alisema. "Kushuka."

Nitarudi hapo. Kwanza ng'ombe. Bonde la Rusizi ni tambarare kama mkeka, mifugo ipo, mbung'o si tishio kama zamani, na bado kila asubuhi mbele ya karakana yake wanapita vijana wenye baiskeli zilizopakiwa madumu ya mawese, matofali, magunia ya lengalenga, wakizisukuma kwa kifua. Mafuta ya magari yalipoadimika idadi yao iliongezeka. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kumuuzia mtu sikio la nira hapa. Akanipa kisa cha baba yake mdogo, ambaye hakuwahi kuondoka nchini. Siku aliposimuliwa kwamba kijana wao alikuwa akimfunga ng'ombe mti shingoni na kumpakia tumbaku, mzee yule alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama kule walikuwa na njaa kiasi hicho. Ng'ombe wa kutolea mahari, wa kumpa rafiki, wa kumtaja unapomtakia mtu heri, umtumikishe kama punda? Na hapo hapo mtoto wa watu anasukuma kilo 150 juani. Fundi halioni hilo kuwa kichekesho. Mimi nililiona, kisha nikaanza kuona haya kwa kuliona.

Anachouza, kidogo, ni kiungio cha tela la baiskeli. Ameshatengeneza viwili. Pini ni ileile, vyuma juu na chini, ila baiskeli inalala kwenye kona na tela halilali, kwa hiyo katikati ameingiza kipande cha mpira wa tairi la lori kinachokubali kujipinda. Cha kwanza kinafanya kazi, kinaleta mchanga hapa hapa Kajaga. Cha pili kilirudishwa. Mwenye baiskeli alikuwa akishuka nacho kutoka vilimani, na kwenye mteremko tela lililojaa liliisukuma baiskeli badala ya kuifuata. Alijitupa kwenye majani; alivunja mkono.

"Maksai anarudi nyuma, anaukataa mzigo kwa shingo," fundi aliniambia. "Nira ni breki. Farasi wanamfunga mkanda nyuma ya mapaja, naye anaukalia. Baiskeli inaukatalia wapi?"

Amejaribu kuchora breki kwenye gurudumu la tela, inayojibana yenyewe tela linapousogelea mti. Mchoro uko sakafuni kwa chaki, umekanyagwa. Springi ikiwa ngumu breki haishiki, ikiwa laini inashika hata kwenye tambarare na kijana anasukuma mara mbili. Kile kiungio kilichorudishwa kiko mezani hadi leo, na fedha ya watu ameirudisha.

Mwenye geti alipiga simu, akitaka kujua kama mishale imeshapakwa dhahabu. Fundi akamjibu kesho. Kisha akanipokonya sikio la nira mikononi, maana nilikuwa bado nimelishika, akalitundika msumarini kwa tundu la kulia.

"Hili nalo lifanye kazi," akasema, akashusha kinyago.