Kwanza kaske, nyuma ukumbusho
Namna ya kununua vitu kwenye mashindano makubwa ya farasi

Ndugu msomaji, labda utajiuliza: sisi watu wa migodi tunatafuta nini ku mashindano ya farasi? Maulizo yako ni ya haki. Lakini kumbuka kwamba jamaa zetu wengi wanakaa Liège na Bruxelles, kule Ubelgiji. Toka Liège mpaka mji wa Aachen katika Ujerumani, ule tunaouita kwa kifaransa Aix-la-Chapelle, treni haikawii: karibu saa moja tu. Na kila mwaka, wakati wa joto, mji ule unapokea mashindano ya farasi yanayohesabiwa kati ya makubwa ya dunia nzima. Watoto wetu wanaweza kwenda kutazama. Wengine wanaanza kujifunza kupanda. Kiisha wanapiga telefone nyumbani:

« Mama, niko ku Aachen. Nikuletee nini? »

« Mwanangu, leta tu kitu ya kukumbuka. »

Ni jibu la mama, na ni jibu zuri. Lakini iko maulizo mengine yenye uzito zaidi: huyo mtoto anayepanda farasi, yeye mwenyewe amenunua nini cha kulinda kichwa chake? Leo tuzungumze juu ya maulizo hayo mawili.

SOKO PEMBENI YA KIWANJA

Mashindano ya Aachen yanaitwa CHIO, ni kusema Concours Hippique International Officiel. Yalianza mwaka 1924. Uwanja uko mahali panapoitwa Soers, upande wa kaskazini wa mji. Kiwanja kikubwa kinaenea watu karibu 40.000, na ukihesabu siku zote pamoja, watazamaji wanapita 300.000. Mwaka 2006 michezo ya dunia ya farasi ilifanyika pale pale, na Aachen ilichaguliwa tena kwa mashindano ya dunia ya mwaka 2026.

Michezo ni mitano. Kuna kuruka vizuizi. Kuna dressage, ambamo farasi anatembea na kugeuka kwa adabu kama mchezaji wa ngoma. Kuna concours complet, yenye mbio za porini kupita miti na maji. Kuna farasi wanaovuta gari, na kuna vijana wanaofanya gimnastiki juu ya mgongo wa farasi anayekimbia.

Pembeni ya viwanja wanatengeneza kijiji kizima cha maduka. Utaona matandiko ya ngozi, hatamu, lijamu (kile chuma cha mdomoni mwa farasi), bote ndefu, kaske, vizibao, mablanketi ya farasi, mafuta ya kupakaa kwato. Utaona pia kofia za kitambaa, picha, vitabu, na farasi wadogo wa kuchezea watoto. Watu wanapita na mifuko, chakula kinanukia, na muuzishaji anakuambia bei hii ni ya leo tu. Ni hapo feza inatoka bila mwenyewe kujua.

Basi, mbele ya kuingia, kamata karatasi, uipige mstari katikati. Upande mmoja andika vitu vya kazi. Upande wa pili, vitu ninavyopenda tu. Feza ya kwanza iende kwa vitu vya kazi. Ile inayobaki, hata kama ni kidogo, ndiyo ya ukumbusho.

KICHWA HAKINA PIESI YA KUBADILISHA

Zamani, wapandaji wakubwa wa dressage walivaa kofia ndefu nyeusi ya sherehe. Ilipendeza macho, lakini haikulinda kitu. Mwezi wa tatu mwaka 2010, mwanamke wa Marekani, Courtney King-Dye, aliyeshindana ku Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alikuwa akizoeza farasi kule Florida. Farasi alijikwaa, akaanguka. Siku ile mama huyo hakuvaa kaske. Mfupa wa kichwa ulipasuka, akakaa majuma kadhaa bila fahamu, na nyuma yake ikamlazimu kujifunza tena kutembea na kusema. Hakuficha jambo lile. Alisimama mbele ya wapandaji wenzake akiwaomba wavae kaske kila mara, hata kwa mazoezi.

Mwaka 2012, ku Olimpiki ya London, Charlotte Dujardin wa Uingereza alivaa kaske badala ya kofia ndefu, akapata medali mbili za zahabu. Toka tarehe 1 Januari 2021, kwa sheria ya FEI, chama cha dunia cha michezo ya farasi, hata wapandaji wa dressage lazima wavae kaske. Kofia ndefu ikaisha.

Tazama vizuri: Courtney King-Dye hakuwa mwanafunzi. Alikuwa fundi wa kazi yake. Farasi alijikwaa tu, jambo linaloweza kutokea siku yoyote. Baba anayefanya kazi ku mine anaelewa hilo mbio. Hakuna anayesema: « Mimi niko na miaka makumi mbili ya kazi, kaske ni ya wapya. »

KASKE YA MINE SI KASKE YA FARASI

Lakini usifikiri kwamba kaske ni kaske. Ile ya mgodi imetengenezwa juu ya kitu kinachoanguka toka juu: jiwe, nyundo, kipande cha chuma. Ndani yake iko mikanda inayoacha nafasi kati ya ganda na kichwa, kusudi pigo lisifike ku mfupa.

Kaske ya farasi inangojea jambo lingine. Hapa ni mtu mwenyewe anayeanguka toka juu, farasi akiwa mbio, na kichwa kinapiga udongo ao kizuizi, pengine upande wa sikio, pengine nyuma. Ndani yake iko povu gumu, mfano wa lile jeupe linalofungiwa televizio mpya ndani ya karito. Wakati wa kuanguka, povu linapondeka kusudi kichwa kisipondeke. Kaske ya pikipiki inafanya kazi kwa njia ile ile.

Na povu likikwisha kupondeka, halirudi. Kaske iliyopiga chini mara moja kwa nguvu, hata kama kwa nje inang'aa, kazi yake imekwisha. Ndiyo sababu usinunue kaske ya farasi iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, hata wakikupunguzia bei namna gani. Huwezi kujua ilianguka mara ngapi. Neno hili linafaa pia kwa kijana wako wa taksi-moto ku Kolwezi ao Likasi.

NAMNA YA KUICHAGUA

1. Pima kichwa kwa mita ya mshonaji, kuzunguka juu kidogo ya nyusi. Ukipata 56, tafuta kaske ya 56. Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu vichwa vingine ni virefu na vingine ni vya mviringo.

2. Ivae bila kufunga mkanda, kiisha tikisa kichwa. Kama inateleza, si yako. Kama inauma ku paji la uso, si yako pia. Inafaa ikamate pande zote sawasawa, na ikae wima, isilale nyuma kama kofia ya siku ya mungo.

3. Dada aliyesuka nywele aende nazo jinsi anavyozivaa siku ya kupanda. Misuko minene ya juu inainua kaske, na kaske iliyoinuliwa hailindi. Misuko ya kulala ku kichwa ni bora.

4. Funga mkanda wa kidevu mpaka ukae vizuri bila kukunyonga. Mkanda usiofungwa ni sawa na kutovaa kaske.

5. Tazama ndani, utafute alama ya mtihani: PAS 015, VG1, ao ASTM F1163. Isiyo na alama hata moja ni pambo, si kaske.

Na bei? Iko ya euro 60, iko hata ya euro 500 na zaidi. Usidanganywe na bei. Mwaka 2022, chuo kikuu cha Virginia Tech, katika Marekani, kilianza kupima kaske za farasi na kuzipa nyota. Ilionekana kwamba bei kubwa si ahadi ya nyota nyingi. Mara nyingi unalipa ngozi, rangi na mawe ya kung'aa. Kama mtoto anapenda mawe ya kung'aa na feza iko, si kosa. Ila ajue analipa nini.

KIZIBAO NA BOTE

Kwa mbio za porini, mpandaji anavaa pia kizibao kigumu cha kulinda mbavu na uti wa mgongo. Kile cha daraja la 3 ndicho chenye nguvu zaidi. Kiko pia kizibao cha hewa: kamba yake inafungwa ku tandiko, na mtu akirushwa, kamba inavuta, chupa ndogo ya gesi inajaza kizibao mara moja. Chupa ile inafanya kazi mara moja tu, kiisha inabadilishwa. Na kama unataka kusafiri nayo kwa ndege, uliza kampuni ya ndege mbele ya kufunga mizigo.

Bote ya farasi ina kisigino kidogo na chini laini. Si mtindo tu. Mtu akianguka, inafaa mguu utoke mbio ndani ya kikuku cha kukanyagia. Bote ya kazi yenye meno makubwa chini inaweza kunasa, na farasi akamkokota mtu.

TANDIKO LISINUNULIWE BILA FARASI

Hapa wengi wanapoteza feza nyingi. Tandiko linanukia ngozi mpya, linapendeza, bei imeshushwa. Lakini kila farasi ana mgongo wake: mwingine mpana, mwingine mwembamba, mwingine umeingia ndani. Tandiko lisilofuata mgongo linaleta vidonda na maumivu, na farasi mwenye maumivu anaanza kupiga teke ao kukataa kuruka. Hata sisi, tukitembea juma zima na kiatu cha namba ndogo, tutakasirika. Tazama, shika, kamata karatasi ya bei, lakini fundi wa matandiko aende kupima ku zizi, juu ya farasi mwenyewe. Muuzishaji mwema hatakasirika ukimwambia hivyo.

UKUMBUSHO MDOGO UNATOSHA

Sasa turudie jibu la mama: « kitu ya kukumbuka ». Aachen ina vitu viwili vya ukumbusho ambavyo havitobowi mfuko.

Cha kwanza ni kitambaa cheupe. Siku ya mwisho, wapandaji wa inchi zote wanazunguka kiwanja kuaga, na watu ku viti wanainua vitambaa vyeupe na kuvipeperusha pamoja, kiwanja kizima kikawa cheupe. Kile ulichotoka nacho nyumbani kinatosha. Ukifika nacho Lubumbashi, utakuwa na jambo la kusimulia.

Cha pili ni Printen, biskuti ngumu za rangi ya kahawia, zenye viungo na sukari ya kunata. Ni za Aachen na kando kando yake tu: toka mwaka 1997 jina « Aachener Printen » linalindwa kwa sheria ya Ulaya. Zinakaa siku nyingi bila kuharibika, kwa hiyo zinavumilia safari. Ila uwaonye wazee wenye meno machache: ziloweshwe ndani ya chai!

MAKARATASI

Kamata fakture ya kila kitu cha bei. Kitu kipya kikiwa na ubovu wa fabrika, sheria ya Ulaya inampa mnunuzi miaka miwili ya kudai, lakini bila karatasi utadai namna gani? Na usifikiri kwamba kila duka litakubali urudishe kitu kwa sababu umebadili mawazo. Uliza mbele ya kulipa.

Kama uko mgeni unayekaa Congo, si mkaaji wa Ulaya, unaweza kurudishiwa kodi ya bidhaa, ambayo katika Ujerumani ni 19% kwa vitu vingi. Fakture moja inafaa ipite euro 50, na muuzishaji akubali kukujazia karatasi. Siyo wote wanaofanya hivyo. Kiisha, siku ya kuondoka Ulaya, peleka karatasi, pasipoti na kitu chenyewe, kisichotumiwa, kwa watu wa duane ku kiwanja cha ndege, wapige muhuri. Usikitie kwanza ndani ya mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwani wanaweza kuomba kukiona.

TUZUNGUMZE NYUMBANI

Hata kama jamaa yako hana mtu ku Aachen, mambo haya yanawafaa wote. Jioni moja, baba, mama na watoto, mjiulize:

– Nyumbani mwetu, ni nani anayepanda pikipiki bila kaske, ao na kaske isiyofungwa?

– Kaske yetu ilianguka mara ngapi? Nani anajua?

– Tukipata feza kidogo, tunanunua kwanza kinacholinda, ao kwanza kinachopendeza?

Na mtoto akipiga telefone toka Ulaya kuuliza akuletee nini, umjibu kwa upendo, lakini mbele ya kukata umuulize nawe: « Na kaske yako, mwanangu, ulinunua? »