Nani Anashika Rekodi ya Hasara Singida?

Ukiuliza mkoa upi unatamba kwa alizeti, vitunguu au kuku wa kienyeji, Singida haikosi kutajwa. Rekodi za kupata zina wasimulizi wengi. Za kupoteza hazina, ingawa mkoa huu na majirani zake wanazo za kujaza kurasa. Nimechagua zile ninazoona zinastahili, kuanzia kongwe. Ila msomaji akumbuke kwamba hasara huandikwa na mwenye daftari. Asiye na daftari hupoteza bila kuhesabiwa.

Iliyofilisi wengi kwa mpigo mmoja

Sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe ulipita nchini mwanzoni mwa miaka ya 1890, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki uliua ng'ombe zaidi ya 9 katika kila 10. Kwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni, ng'ombe ndiye aliyekuwa mahari, fidia, dhamana na chakula cha mwaka wa njaa. Ndiyo maana tukio hili naliweka juu ya kufilisika kwa benki yoyote: akiba za koo nzima zilikwisha ndani ya msimu. Watu walikuwa bado hawajainuka pale serikali ya Wajerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba, mwaka 1898.

Sarafu ya thamani zaidi kutoka kwenye hazina tupu

Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulianza kutoa dhahabu kwa wingi mwaka 1909. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilifunga bahari na fedha kutoka Berlin zikakoma kufika. Serikali ya koloni ikabaki na askari wa kulipa na sanduku lisilo na kitu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, mafundi wakafua sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake. Zilifuliwa kama 16,000 hivi, na karakana hiyohiyo ikatoa heller za shaba kwa matumizi ya kila siku. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Leo sarafu moja ya tembo huuzwa kwa maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Hazina iliyoitoa ilikuwa hoi kabisa.

Anguko kubwa la dunia, na aliyenufaika

Mdororo ulioanza mwaka 1929 ndio mkubwa kuliko yote ya karne iliyopita. Tanganyika uliingilia kwenye mkonge: katika miaka michache bei ya tani ilishuka chini ya nusu, mashamba yakapunguza watu na mishahara. Vijana wa Singida waliokuwa wakienda umanamba wakakuta kazi hakuna, huku kodi ya kichwa ikiwangoja nyumbani palepale. Serikali nayo iliishiwa hata London ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith, mwaka 1932, kuja kukagua hesabu na kushauri pa kupunguza.

Lakini mdororo huohuo uliipandisha dhahabu. Uingereza iliachana na kiwango cha dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi 35. Migodi iliyokuwa hailipi ikaanza kulipa. Kufikia mwisho wa muongo ule dhahabu ilikuwa ya pili kwa mkonge katika mauzo ya Tanganyika nje, na Iramba ilikuwa na sehemu yake.

Katika miaka hiyohiyo ya uhaba ilijengwa reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha, treni ikawa ya hasara, na katika miaka ya 1940 mataruma na vyuma vikang'olewa. Miongo kadhaa baadaye nchi huru ikatandika reli tena, kilomita 115 kutoka Manyoni hadi Singida mjini.

Kubwa kuliko zote iliyoandikwa

Hapa hakuna mshindani: mradi wa karanga wa Waingereza, makao yake Kongwa, ndani ya Jimbo la Kati ambalo Singida nayo ilikuwamo. Ulianza mwaka 1947 kwa ndoto ya kulima ekari zaidi ya milioni 3 ili Uingereza ipate mafuta ya kupikia baada ya vita. Meno ya matrekta yalikatika kwenye mizizi ya vichaka, udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, mvua ikagoma. Mbegu zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa. Mwanzoni mwa 1951 London ikausitisha na kufuta kwenye vitabu pauni milioni 36.

Tunaijua hasara hii hadi milioni ya mwisho kwa sababu bunge la Uingereza lilimbana Waziri wa Chakula, John Strachey, ajibu. Kibarua aliyeacha shamba lake Manyoni kwenda kung'oa visiki Kongwa, akarudi kwa miguu kazi ilipokwisha, hakuna bunge lililomuuliza yeye alipoteza msimu mmoja au miwili.

Miezi 18 mirefu kuliko yote

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo inakadiriwa viliigharimu nchi dola milioni 500, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa miaka. Mwaka 1984 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 36, sabuni na sukari vikawa vya kupangiwa foleni. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na shilingi ikashushwa kwa kishindo. Katika miaka ya 1990 wakapunguzwa watumishi wa serikali zaidi ya 50,000, na Benki ya Taifa ya Biashara, iliyolemewa na madeni ya mashirika ya umma, ikagawanywa mwaka 1997. Karani aliyepunguzwa alirudi na kiinua mgongo akafungua kioski, mahali ambapo wateja wake walikuwa watumishi wenzake, nao wamepunguzwa.

Deni kubwa zaidi kwenye karatasi

Julai 2017 Mamlaka ya Mapato iliidai Acacia, kampuni ya migodi ya Kanda ya Ziwa, dola bilioni 190. Uchumi wote wa Tanzania kwa mwaka haukufika hata theluthi ya hapo. Mgodi wa Bulyanhulu, uliozuiwa kusafirisha makinikia, ukapunguza kazi na watu kama 2,000 wakaachwa. Mwisho Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, na serikali wakaafikiana dola milioni 300.

Kupanda na kushuka kwa kasi zaidi

Hii ni ya Singida yenyewe. Machi 2022 kipimo cha bei za mafuta ya kula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianze. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeziba njia ya alizeti ya Bahari Nyeusi, na Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kutoka nje. Tanzania ilikuwa ikihitaji takriban tani 570,000 za mafuta kwa mwaka na kuzalisha kama 205,000, hivyo lita moja dukani ikawa ya kuulizia tu.

Mkulima wa Ikungi au Mkalama aliona neema. Serikali ilikuwa imeutangaza mkoa wake, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa wa mkakati wa alizeti. Akaongeza ekari, wengine kwa mkopo. Upande wa pili mlaji alikuwa akilalamika, na serikali ikalegeza ushuru wa mafuta ya nje. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, yaani mwenye shamba na mwenye sufuria wote walikuwa wapiga kura wake. Kufikia mavuno ya 2023 bei ya dunia ilikuwa imeporomoka, mafuta ya nje yamejaa maghalani, na gunia la alizeti likakosa wa kulipigania. Aliyeliuza aliuza kwa hasara. Aliyeliweka ndani alisubiri bei huku riba ikitembea.

Viwanda havikupona. Kiwanda cha kukamua huishi kwa mbegu, na vingi mkoani hufanya kazi miezi michache tu kwa mwaka hata msimu ukiwa mzuri. Mashine ikizimwa, wa kwanza kurudi nyumbani ni mbeba magunia, kwa kuwa analipwa kwa gunia na hana mkataba wa kuvunjwa. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kumhurumia mlaji. Kosa lilikuwa kubadili ushuru baada ya mkulima kuhimizwa kuongeza ekari.

Ndogo kuliko zote, na ya kila siku

Nenda soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, utazame gunia linavyofungwa. Likijaa hadi mdomoni halishonwi. Linaongezwa wavu juu, vitunguu vinapangwa kwa mkono kimoja kimoja hadi kinatokea kilemba, kisha kamba inapitishwa kwa sindano ndefu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata, lakini bei ikidorora mnunuzi ndiye anayechagua, na anachagua gunia lenye kilemba.

Hapo mkulima anatoa kilo za ziada bila malipo. Kuli anazibeba kwa ujira wa gunia moja. Geti la ushuru la halmashauri, likihesabu magunia badala ya kupima kilo, linakusanya pungufu. Mizani ya kidijitali inatosha kuyaziba matundu yote matatu, mradi isimame pale vitunguu vinapofungwa, kabla havijapakiwa kwenye lori la Nairobi.