Amani Ilipobisha Hodi kwa Harvey Moon

Kwisha kwa vita ni jambo moja, na kurejea kwa amani nyumbani ni jambo jingine. Sisi wa magazeti tunapenda mno siku ya kwanza, yenye bendera, vigelegele na askari wanaoshuka melini wakipunga mikono. Siku ya pili, mume anapoketi mezani na mke asiyemwona kwa miaka, haina mwandishi wala mpiga picha. Ndiyo maana leo tunaona vema kuzungumzia mchezo mmoja wa televisheni ya Uingereza uliothubutu kuanzia siku hiyo ya pili.

Mchezo huo ni "Shine on Harvey Moon", kazi ya Laurence Marks na Maurice Gran, ulioonyeshwa na ITV tangu 1982 hadi 1985, kisha ukafufuliwa 1995. Jina lake ni mzaha juu ya wimbo mkongwe wa Kimarekani kuhusu mwezi wa mavuno. Harvey mwenyewe, aliyeigizwa kwanza na Kenneth Cranham, si shujaa wa medali. Ni karani wa ghala katika Jeshi la Anga, aliyetumikia India, na ambaye kabla ya vita alikuwa akisakata kandanda. Anarejea London Mashariki mwaka 1945 akitaraji kuyakuta maisha pale alipoyaacha.

Hayapo. Nyumba yake imebomolewa na mabomu. Mkewe Rita amejifunza kuishi peke yake, anafanya kazi klabu, wala hana haja ya kuanza tena ndoa iliyokatika. Binti yake Maggie amekuwa mwanamwali, na anayempenda ni Lou, rafiki wa baba yake kutoka jeshini. Harvey anabaki kujibanza kwa mama yake pamoja na mwanawe Stanley, ndani ya moja ya zile nyumba za muda zilizoundwa viwandani kwa vipande. Serikali ilijenga zipatazo 156,000 za namna hiyo kati ya 1945 na 1949, kwa kuwa watu wasio na makazi walikuwa wengi mno.

Mtazamaji anacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini chini ya kicheko hicho kuna hesabu isiyochekesha. Mwaka 1947 talaka katika Uingereza na Wales zilifika kiasi cha 60,000, karibu mara kumi ya idadi ya kabla ya vita. Nyuma ya kila talaka walikuwako watu wawili ambao vita havikuwaua, ila viliwageuza wageni. Waswahili hunena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ushindi ulikuwa mlango mzuri sana. Waandishi hawa wakaufungua wakatuonyesha ndani.

Na ndani mlikuwa na uhaba. Ni kichekesho kichungu kwamba mkate, ambao haukuwahi kuwekwa katika mgawo wakati wote wa vita, uliwekwa Julai 1946, wakati wa amani, na kubaki hivyo hadi Julai 1948. Nyama ilibaki katika mgawo hadi 1954. Hata hivyo ni watu hao hao, wenye kadi za mgawo mikononi, waliompumzisha Churchill Julai 1945 na kukipa Chama cha Labour cha Clement Attlee viti 393 Bungeni. Walitaka nyumba, kazi na matibabu, na Julai 1948 wakapata huduma ya afya ya taifa isiyodai malipo mlangoni. Harvey anaingia katika mkondo huo na kuwa diwani. Hapo ndipo mchezo unapouliza swali lake kubwa: je, mtu aliyeshindwa kuiunganisha nyumba yake aweza kuijenga mitaa ya wenziwe? Jibu tunaloliona ni kwamba aweza, mradi asijidai kuwa hakushindwa.

Wasomaji wa Kongwa, Urambo na Nachingwea wanayo sababu ya pekee ya kuitazama meza ya jikoni ya akina Moon. Uhaba wa mafuta ya kula na majarini kwenye meza kama hiyo ndio ulioifanya serikali ya Attlee ielekeze macho Tanganyika, na kuanza mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga. Miongoni mwa Waingereza walioajiriwa kuusimamia walikuwamo wengi waliotoka jeshini punde. Walikwenda na matrekta, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kulivamia pori kama ngome ya adui. Ardhi ya Kongwa ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mvua ikakataa amri, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Njaa ya nyumba moja haina mpaka. Hubisha hodi hata kwa asiyehusika.

Wapo watakaosema kuwa kufanyia mzaha maisha ya waliofiwa na kubomolewa ni kuwavunjia heshima. Hatukubaliani nao. Mchezo huu hauwacheki watu kwa sababu ya umaskini wao. Unacheka pamoja nao jinsi walivyokataa kukunjwa. Sanamu ya mawe humheshimu askari aliyekufa. Aliyerudi hai, mwenye aibu na bila chumba cha kulala, anahitaji hadithi.

Hapo ndipo tunapojiuliza sisi wenyewe. Harvey alipokuwa akihesabu bidhaa ghalani India, askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa wakisonga mbele katika matope ya bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Nao walirudi. Nao walikuta watoto wasiowatambua. Nchini Kenya, maaskari wa Kizungu waligawiwa mashamba ya nyanda za juu, na wenzao Waafrika hawakupewa. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, akaishia msituni kama Jenerali China.

Siku ya kwanza ya wazee hao imo katika picha za gwaride. Siku yao ya pili, yaani maneno ya kwanza waliyoambiana na wake zao mlangoni, haimo popote isipokuwa vifuani mwa wana na wajukuu. Tunawasihi wasomaji wetu waliosimuliwa mambo hayo wayaandike sasa. Waandishi wetu wa michezo wayachukue, wayatie uhai, na wasiogope kutuchekesha.