Kulisikiliza Bonde la Ufa: Jiofizikia, Mabamba na Msamiati wa Matetemeko

Tarehe 6 Januari 1928, ardhi ya Subukia, kaskazini mwa mji wa Nakuru, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.9. Hadi leo hakuna tetemeko jingine lililopimwa kwa ala humu nchini Kenya ambalo limelipita hilo. Ardhi ilipasuka kandokando ya ukingo wa Bonde la Ufa kwa masafa ya zaidi ya kilomita 30. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hulijua bonde hili kama mandhari ya riwaya na mashairi. Makala haya yananuia kulitazama kwa jicho la jiofizikia, yaani taaluma inayoichunguza dunia kwa kanuni za fizikia, kisha kuuliza iwapo msamiati tunaoutumia kuhusu matetemeko unaafikiana na yale ambayo ala hutuambia.

Tabaka la nje la dunia, lililo gumu na baridi, si kipande kimoja. Limegawika katika mabamba yanayosogea juu ya miamba yenye joto kali ambayo, ingawa ni yabisi, hujongea polepole mno. Mjerumani Alfred Wegener alidai mnamo 1912 kwamba mabara yalishikana zamani kisha yakaachana. Wanajiolojia wengi walimbeza, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani iliyoyasukuma. Ithibati ilitoka baharini. Mnamo 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kuwa miamba ya sakafu ya bahari imehifadhi kumbukumbu ya jinsi usumaku wa dunia ulivyokuwa ukigeuka, na kwamba milia ya usumaku huo hufanana pande zote mbili za safu za milima iliyo chini ya maji. Sakafu mpya, basi, huzaliwa katikati na kusukumwa kando.

Kwetu sisi, bamba la Nubia liko magharibi na la Somalia mashariki, na bonde ndipo yanapoachana. Vipokezi vya mawimbi ya setilaiti vilivyosimikwa miambani huonyesha kuwa katika Kenya mwachano huo ni wa takriban milimita 3 kwa mwaka. Ukucha wa kidole huota kiasi hicho kwa mwezi mmoja hivi.

Hata hivyo, ala iliyotufunulia mengi zaidi ni seismografu, chombo kinachorekodi mitikiso ya ardhi. Tetemeko linapotokea, hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopenya ndani ya dunia. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, nayo husafiri kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde katika gamba la dunia. Ya pili huutikisa mwamba kwa kuukingama mwelekeo wa safari, na huenda kwa kilomita 3.5 hivi. Mfano wake ni ule wa radi: mwako huonekana kabla ya ngurumo kusikika, na muda ulio kati yake hudokeza umbali. Kila sekunde moja ya tofauti kati ya mawimbi hayo mawili ni sawa na takriban kilomita 8. Tofauti ikiwa sekunde 20, tetemeko limetokea umbali wa kilomita 160. Lakini upande gani? Kituo kimoja hakiwezi kujibu kwa umbali peke yake. Vituo vitatu vikichorewa duara kila kimoja, mahali zinapokatana ndipo penye kitovu. Miongoni mwa vituo vyetu ni kile cha Kilimambogo, karibu na Thika, ambacho pia kimo katika mtandao wa kimataifa wa kutambua majaribio ya silaha za nyuklia.

Istilahi hii ya kitovu inastahili pongezi. Kitovu cha mtu kiko juu ya tumbo, kikiashiria palipokuwa na kiungo cha ndani. Vivyo hivyo, kitovu cha tetemeko ni mahali palipo juu ya ardhi, wima kutoka chanzo chenyewe kilichoko chini. Mwandishi anayesema kwamba "kitovu kilikuwa kina cha kilomita 40" amechanganya mambo mawili. Chenye kina ni chanzo.

Kosa lililo zito zaidi ni la kuchanganya ukubwa na ukali. Ukubwa ni namba moja kwa kila tetemeko, na hatua moja ya kipimo hicho, kutoka 5 hadi 6 mathalani, ni ongezeko la nishati la takriban mara 32. Ukali, kwa upande mwingine, ni jinsi mtikiso unavyowafika watu na nyumba zao, nao hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la 5.9 lilitokea karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Watu wa Nairobi walikimbia kutoka maghorofani, lakini eneo lenyewe lilikuwa na wakazi wachache. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko jingine la 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, na zaidi ya watu 15 wakafariki, nyumba nyingi zikiporomoka. Namba ni ile ile. Msikilizaji wa redio aliyefunzwa kuogopa namba pekee hatajua kwamba swali muhimu ni aina ya ukuta anaolala kando yake.

Tukio la Natron lilikuwa na funzo jingine. Picha za rada za setilaiti, zikilinganishwa za kabla na za baada, zilionyesha kuwa magma ilikuwa imejipenyeza wima ndani ya gamba la dunia na kulitanua, na kwamba ufa mmoja uliteleza polepole bila kutoa mtikiso mkali. Mnamo Septemba mwaka huo mlima Oldoinyo Lengai ukalipuka. Sehemu kubwa ya kutanuka kwa bonde, basi, hufanyika kimyakimya, na seismografu peke yake isingeigundua.

Katika miaka ya 1985 hadi 1994 watafiti wa mradi wa KRISP hawakungoja tetemeko: walilipua baruti, nyingine ndani ya maziwa, wakayarekodi mawimbi yake. Waligundua kuwa gamba lina unene wa kilomita 35 hivi katika eneo la Naivasha, na kilomita 20 tu huko Turkana.

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, korongo refu lilitokea ghafla karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba Afrika inapasuka. Wanajiolojia kadhaa walipinga. Hakukuwa na tetemeko lililoandamana nalo. Maji yalikuwa yamekomba majivu laini ya volkeno, yamkini yaliyokuwa yamejaza mwanya wa kale. Wengine waliendelea kushikilia kwamba chini yake mna ufa halisi. Kwa vyovyote vile, neno *ufa* lilitumiwa kwa vitu viwili siku hizo, mpasuko wa mwamba na mfereji wa mvua, na wakazi waliobomolewa nyumba na korongo lile ndio waliobaki wakiuliza ni kipi kati ya hivyo walichopaswa kuhama.