Taa ya Mfuko wa Hewa Isizimwe kwa Hila

Mlinzi wa zamu aliyekatiwa simu hana msaada mkubwa kwa kambi yake, hata akikesha macho wazi usiku kucha. Adui atamwona, lakini habari haitamfikia kamanda. Ndivyo kilivyo kihisio cha ajali katika gari ikiwa waya wake umekatika au umeshika kutu. Kihisio kizima, mfuko wa hewa mzima, lakini amri haipiti. Katika makala haya tunataka kueleza jinsi hitilafu hiyo inavyotafutwa na kutengenezwa katika magari yanayotumia umeme, kwani huko hasara yake ni maradufu.

Magari haya si habari za ng'ambo tu. Mwaka 2018 teksi za aina ya Nissan Leaf zilianza kazi mjini Nairobi, na mwaka 2019 kampuni ya Volkswagen ilipeleka magari ya e-Golf mjini Kigali. Kwa hiyo polisi wa usalama barabarani na fundi wa karakana ya jeshi hawana budi kuyafahamu.

Vihisio hufungwa mbele ya gari, nyuma ya bampa, na pia ubavuni penye nguzo za milango. Kila kimoja huunganishwa kwa nyaya na sanduku la kompyuta lililo katikati ya gari. Ajali ikitokea, sanduku hilo hupima ukali wa kishindo na kuwasha fataki ndogo iliyo ndani ya mfuko. Mfuko wa dereva hujaa kabla mtu hajapepesa jicho. Katika gari la umeme, sanduku hilo hilo hutoa habari inayofanya umeme wa betri kubwa ukatwe. Betri hiyo katika Leaf ina takriban volti 360, nguvu iwezayo kuua. Basi waya mmoja mwembamba ukiharibika, dereva huenda akakosa kinga yake, na mwokoaji naye asiwe na hakika kwamba umeme umekatika.

Ishara ya kwanza ni taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Katika magari ya Nissan taa hiyo huwaka kwa takriban sekunde 7 gari linapowashwa, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, au ikipepesa, pana hitilafu. Isipowaka kabisa, askari azidi kushuku, maana huenda taa imeharibika, au mtu ameing'oa ili mnunuzi asijue. Wako pia mafundi wadanganyifu ambao huweka kipande cha kuzuia umeme mahali pa mfuko uliokwisha fumuka, kompyuta ikadhani mfuko ungali pale. Hiyo si kazi ya ufundi. Ni sawa na kumpa askari bunduki isiyo na risasi na kumpeleka mstari wa mbele.

Fundi mwaminifu huanza kwa kusoma namba ya hitilafu kwa chombo maalumu. Namba hiyo humwambia ni upande gani, na kama waya umekatika au umegusana na bodi. Asibadilishe kihisio kwa kubahatisha, kwa kuwa mara nyingi ubaya umo katika plagi au waya.

Kabla ya kugusa chochote, gari lizimwe na waya wa kuchajia uchomolewe. Gari la umeme halingurumi, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi kwamba limezimwa. Kisha aondoe nyaya za betri ndogo ya volti 12 na kungoja angalau dakika 3, ili akiba ya umeme iliyomo katika sanduku iishe. Nyaya za manjano ni za mifuko ya hewa. Kebo za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, nazo haziguswi na mtu asiyefunzwa wala asiye na glavu zake.

Baada ya hapo macho yatangulie mita. Nyaya za mbele huumizwa na maji, matope na migongano midogo iliyopuuzwa. Panya nao hutafuna. Plagi zilizo chini ya viti hulegea viti vinaposogezwa mbele na nyuma, na nyaya za milangoni huchoka kwa kukunjwa kila siku. Plagi yenye kutu ya kijani imekwisha jieleza yenyewe.

Ndipo mita itumike. Plagi zichomolewe pande zote mbili, kwenye kihisio na kwenye sanduku, kisha kila waya upimwe toka mwisho hadi mwisho huku ukitikiswa. Waya mzima hauonyeshi upinzani wa maana, wala haupitishi umeme kwenda kwenye bodi. Lakini mita ya kawaida isiunganishwe kamwe na mfuko wenyewe, kwa kuwa umeme wake mdogo waweza kuwasha fataki na kumjeruhi fundi usoni.

Katika kutengeneza, kitabu cha kiwanda ndicho amri. Viwanda vingine hukataza kabisa kuunga nyaya hizi na hutaka fungu zima libadilishwe. Vingine huruhusu kiungo maalumu kisichopitisha maji. Nyaya zilizosokotana zirudishwe zikiwa zimesokotana, kwa sababu msokoto huo hupunguza vurugu za umeme kutoka nyaya jirani. Kihisio kielekezwe upande wake na kukazwa sawasawa. Wakati betri inarudishwa, mtu yeyote asikae ndani ya gari. Mwisho, namba ya hitilafu ifutwe na taa itazamwe tena.

Kwa askari anayefika penye ajali tunasema hivi: mfuko ambao haukufumuka usidhaniwe kuwa umekufa. Usiweke kichwa wala mikono kati yake na majeruhi pasipo lazima. Zima gari, kata umeme wa betri ndogo, na usikate kebo ya rangi ya chungwa.

Na kwa kila dereva wa gari la serikali, taa hiyo ikibaki inawaka, andika katika daftari la gari na upeleke habari karakana siku hiyo hiyo. Kuifunika kwa kipande cha karatasi hakuondoi hatari. Kunaiacha imngoje dereva wa zamu inayofuata, ambaye hakuambiwa neno.