Gari la Dawa Likishaondoka

Katika mwambao wetu wa Tanga, kuanzia Jasini mpakani mwa Kenya hadi Pangani, upo ugonjwa ambao watu huuona kwa macho na kuutaja kwa mafumbo. Mwanamume aliyeupata husemwa kuwa "ana mshipa". Huvaa kanzu pana hata siku isiyo ya Ijumaa, na kidogo kidogo huacha kwenda baharini, maana kushua ngalawa na kukokota juya hakumwezekani tena. Mwingine huvimba mguu hadi kiatu kikakataa kuingia. Hayo ndiyo mabusha na matende.

Nilipokuwa mdogo niliambiwa nisizidishe madafu, nisije nikapata busha. Niliamini, na wapo wanaoamini hadi leo. Wengine husema mtu karogwa. Imani hizo zimewaweka wengi ndani ya nyumba zao kwa miaka, wakiona haya kwa jambo lisilo kosa lao.

Chanzo cha ugonjwa huu ni minyoo inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo, myembamba kama uzi, hukaa katika mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa na kuiharibu. Huzaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huingia katika damu usiku, saa zile mbu wanapouma. Ndiyo maana wapimaji walilazimika kupita vijijini kati ya saa nne na saa nane za usiku. Na huku ni pwani, kwenye hadithi za mumiani wanaonyonya damu za watu. Mgeni anagonga mlango usiku wa manane anataka damu: nani atamfungulia? Kazi ya afya ya umma hapa haikuanza na sindano. Ilianza kwa kuaminiwa.

Tanga ina somo lake katika jambo hili, na somo lenyewe liko Moa, mji mdogo wa wavuvi ambao leo uko wilayani Mkinga. Watafiti waliulinganisha na Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kote kuwili wakazi walipewa dawa ya kuua vijidudu hivyo. Makunduchi liliongezwa jambo moja: mwaka 1988 vyoo vya shimo vyenye maji, ambamo mbu walikuwa wakizaliana, vilimwagiwa vipira vidogo vyeupe vya polistirini, vya aina ile inayojazwa kwenye maboksi ya televisheni. Vipira huelea na kutanda juu ya maji. Mbu jike hapati pa kutagia, na viluwiluwi havipati hewa.

Kabla ya kazi hiyo, watu 49 katika kila 100 waliopimwa Makunduchi walikuwa na vijidudu katika damu. Baada ya miaka mitano walibaki 3. Moa nako dawa ilishusha maambukizi, lakini baina ya mwaka wa tatu na wa sita yalianza kupanda tena. Watu wa Moa hawakuwa wazembe. Walikunywa walichopewa. Ila gari la dawa lilipoondoka, mbu walibaki vyooni mwao kama zamani.

Kila nisikiapo mjadala juu ya wajibu wa serikali katika afya, mawazo yangu hurudi Moa. Tumezoea kuuhesabu wajibu huo kwa majengo, vitanda na madaktari. Vyote vinahitajika, na aliyewahi kulala na mgonjwa wodini anajua uchungu wa kukosa kimojawapo. Lakini kipimo kingine ni hiki: gari likishaondoka, kinabaki nini kijijini?

Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000, na mkoani Tanga ugawaji wa dawa za kingatiba ulianza mwaka 2004. Marehemu Dk. Mwele Malecela wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ni miongoni mwa walioubeba mpango huo kwa miaka mingi. Dawa ni mbili, ivamektini na albendazoli. Ile ya zamani, iliyotumika Moa na Makunduchi, haikufaa kugawiwa kila mtu, kwa kuwa ni hatari kwa macho ya mwenye ugonjwa wa usubi, na usubi umo katika milima yetu ya Usambara. Mgawa dawa, mwanakijiji mwenyewe, hupita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia kimo, maana idadi ya vidonge hufuata urefu wa mtu. Dawa huua vijidudu vya damuni, lakini minyoo mikubwa huishi. Kwa hiyo lazima mgawa dawa arudi mwaka wa pili, wa tatu, hadi wa tano na zaidi, na kila mara watu wasiopungua 65 katika kila 100 wanywe.

Kazi ya namna hiyo haina mfanyabiashara wa kuifanya. Nani atatoa fedha mfukoni kununua kidonge cha ugonjwa asiouhisi, ili mtoto wa jirani asiumwe na mbu mwenye vijidudu? Bima nayo haifiki huko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua kubwa, na ninaiombea heri, kwa sababu mvuvi hapaswi kuuza ngalawa ili apasuliwe busha. Lakini kadi ya bima humsaidia aliyekwisha kuumwa. Choo cha jirani hakina kadi. Hapo ndipo serikali isipokuwepo hakuna mwingine.

Matunda yameonekana. Wilaya nyingi nchini zimeacha kugawa dawa baada ya vipimo kuonyesha kuwa maambukizi yameshuka. Majirani zetu wa Malawi, wasiotuzidi kwa utajiri, mwaka 2020 walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa wameondokana na ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Togo iliwatangulia mwaka 2017.

Hofu yangu ni fedha. Dawa zenyewe hutolewa bure na kampuni zinazozitengeneza, lakini mafuta ya gari, mafunzo na posho ya mgawa dawa vimetegemea mno wafadhili. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi ya magonjwa haya barani Afrika ikayumba ndani ya siku chache tu. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo bado ni deni kwetu.

Deni hilo lianze kulipwa kwa mambo madogo yanayodumu. Kila halmashauri ya mwambao iwe na fungu lake la kufuatilia maambukizi hata baada ya ugawaji kwisha. Maofisa afya washuke kwenye vyoo na mitaro, wasingoje kipindupindu. Mgawa dawa alipwe kwa wakati. Na wazee wenye mabusha wasisahauliwe, kwani kidonge hakiwezi kuondoa kilichokwisha kuvimba. Upasuaji unaweza, na si mkubwa. Kila aliye kijijini afikishiwe habari hiyo mlangoni, na nauli ya kwenda hospitali ya Bombo isiwe kikwazo.

Mzee huyo mwenye kanzu pana amesubiri vya kutosha. Na mjukuu wake anayecheza ufukweni Moa apimwe damu mwaka huu, apimwe tena baada ya miaka mitano, na apimwe na watumishi wa serikali yake mwenyewe, wanaoijua njia ya kwenda kwao.